Nyundo ya mnada ikigonga, gunia ni la nani?

Agosti 2025, kilo 20 za kahawa aina ya Geisha kutoka shamba la Hacienda La Esmeralda, Panama, ziliuzwa mnadani kwa dola 30,204 kila kilo. Mnunuzi alitoka Dubai. Kwa Mchaga habari hii ina uchungu wake: asili ya Geisha ni Ethiopia, lakini mbegu iliyopelekwa Costa Rica mwaka 1953 ilitoka kituo cha utafiti cha Lyamungu, Kilimanjaro.

Wanaoitetea minada hii wana hoja nzito. Bei ya kahawa ya kawaida hufuata soko la New York. Brazil ikivuna vizuri, mkulima wa Huye, Rwanda, anaumia bila kosa lake. Kwenye mnada wa kahawa bora anapimwa kwa ladha ya kikombe chake. Rwanda ilipoandaa Cup of Excellence, shindano la kahawa bora linaloishia mnadani, mwaka 2008, la kwanza barani Afrika, wanunuzi waliweza kununua kahawa yake kwa jina la kituo kilichoiosha.

Ila hebu simama kwenye kituo cha kuoshea kahawa msimu wa mavuno. Mama anafika jioni na ndoo ya matunda mekundu. Yanamwagwa majini, yanayoelea yanaenguliwa, yaliyozama yanapimwa, anapewa risiti na hela yake. Kisha yanaingia mashineni pamoja na ya majirani, maana kilo moja ya kahawa safi hula kilo sita au saba za matunda. Mzigo ukija kung'ara mbele ya waonjaji, yeye alishauza zamani. Esmeralda inalima, inakausha na kuuza yenyewe. Mama huyu ameuza tunda.

Kwa hiyo mimi sigombani na mnada. Naangalia kituo ni cha nani. Kikiwa cha ushirika, malipo ya pili, yaani ziada inayogawiwa kahawa ikishauzwa, yanaweza kumfikia, mradi hesabu zibandikwe ubaoni (vyama vilivyoyala malipo hayo tunavijua). Kikiwa cha mfanyabiashara, ziada yote ni yake, na hajaiba kitu.

Halafu kuna jasho. Mnada unachukua magunia machache tu, lakini ubora wake unadai kuchuma mbivu tupu, kurudi kwenye mti uleule mara tatu, mara nne. Na kibarua anayerudi hivyo halipwi kwa alama za waonjaji. Analipwa kwa debe.