Ruzuku Zinapohamia Kwenye Simu

Serikali nyingi za nchi zinazoendelea sasa hulipa ruzuku za jamii kwa simu au kadi, na mjadala wake hukwama mapema. Upande mmoja unasema maskini wamekombolewa, upande wa pili unasema wametegwa. Naona tunachanganya maswali mawili: pesa itafika kwa njia gani, na nani atahesabiwa kuwa anastahili. Teknolojia imelijibu vizuri swali la kwanza. Maumivu mengi yameanzia pale ilipopewa na la pili.

Faida zipo, na anayetetea malipo ya fedha taslimu hana budi kuzikabili. Katika jimbo la Andhra Pradesh, India, watafiti Muralidharan, Niehaus na Sukhtankar walifuatilia malipo ya ajira za vijijini na pensheni yaliyohamishiwa kwenye kadi zenye alama za vidole. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2016, yalionyesha kwamba walengwa walilipwa mapema, walipoteza muda mchache kufuatilia haki yao, na fedha zilizokuwa zikiishia mifukoni mwa watu wa kati zilipungua. Niger nako, baada ya ukame wa 2009, kaya zilizopokea msaada kwa simu zilikula vyakula vya aina nyingi zaidi kuliko zile zilizopokea fedha taslimu. Safari na foleni vilipungua, na wanawake waliopokea pesa hizo walipata sauti zaidi katika kuzitumia. Kwa familia yenye njaa, hayo si mambo madogo.

Lakini watafiti hao hao watatu walikwenda baadaye Jharkhand, jimbo jingine la India, ambako mgao wa chakula ulifungamanishwa na Aadhaar, kitambulisho cha kidijitali cha India, na alama za vidole. Safari hii hawakuona wizi ukipungua katika hatua ya kwanza. Walichoona ni usumbufu kuongezeka, na wale ambao walikuwa hawajaunganisha kitambulisho chao kupoteza takriban asilimia 10 ya thamani ya mgao. Hatua iliyofuata ilibana wizi kweli, ila sehemu kubwa ya gharama ikawaangukia walengwa.

Nchi ni moja na mashine zinafanana, kwa nini matokeo yatofautiane hivyo? Andhra Pradesh haikufunga njia ya zamani: asiye na kadi aliendelea kulipwa. Jharkhand ilitanguliza kubana matumizi ya serikali, na mashine ikawa mlango pekee. Hapo ndipo penye sera yenyewe, na ndipo wanasiasa wasipopenda kuulizwa. Mzee ambaye vidole vyake vimesuguliwa na jembe kwa miaka mingi hajafanya udanganyifu wowote mashine inapomkataa. Bado mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye, na takwimu zinaweza kumwandika kama akiba iliyookolewa.

Togo inatoa somo gumu zaidi. Aprili 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, serikali ilianzisha mpango wa msaada wa fedha uitwao Novissi: mtu anapiga namba fupi kwa simu ya kawaida, anatambuliwa kupitia daftari la wapiga kura, analipwa papo hapo, na mwanamke anapata zaidi kidogo. Kwa dharura, ile ilikuwa kazi ya kupongezwa. Baadaye picha za setilaiti na mienendo ya matumizi ya simu vilitumika kukadiria nani ni maskini. Njia hiyo iliacha wahitaji wachache kuliko kuchagua kwa maeneo, lakini ingeacha wengi kuliko daftari kamili la kaya. Na asiye na simu haonekani kabisa. Kwangu, hiyo ni sababu ya kujenga daftari kabla ya janga lijalo.

Halafu kuna makato. Uganda ilianza kutoza miamala ya pesa za simu 2018, Tanzania ikafuata 2021, na zote zikalazimika kupunguza viwango. Mlengwa hutoa karibu kila anachotumiwa, kwa hiyo ada na kodi za kutoa pesa humgusa yeye kwanza. Afrika Kusini makato yalichukua sura nyingine: kampuni zilizokuwa na uhusiano na mlipaji wa ruzuku ziliwauzia wapokeaji mikopo, bima na muda wa maongezi, kisha zikajilipa kutoka kwenye ruzuku zile zile.

Mahakama ya Juu ya India, Septemba 2018, iliruhusu Aadhaar itumike kwenye ruzuku, lakini ikasisitiza kwamba mtu asinyimwe haki yake kwa sababu tu uthibitishaji umegoma. Maneno hayo yanahitaji mtu wa kuyatekeleza pale pale dirishani: wakala mwenye idhini ya kulipa mashine inapokataa, fomu ya kuandika sababu, na ofisa anayewajibika kumfuata aliyekosa malipo badala ya kusubiri aje kulalamika. Nchi inayokaribia kufunga malipo ya fedha taslimu iulizwe kwanza kama imeajiri watu hao.