Jenerali Akiwasema Wakubwa Wake: Afukuzwe au Asikilizwe?

Aprili 2010 majivu ya volkano ya Iceland yalifunga anga la Ulaya, na Jenerali Stanley McChrystal, kamanda wa majeshi ya Marekani na NATO nchini Afghanistan, akakwama Paris. Alikuwa amekwenda kuwaomba Wafaransa wasiichoke vita. Alifuatana na wasaidizi wake na mwandishi wa habari Michael Hastings, aliyeruhusiwa kuwa nao karibu. Usiku mmoja waliingia baa, wakanywa, wakaimba, wakaropoka kama watu wanaojiona wako wao kwa wao. Hastings alikuwa anaandika.

Miezi miwili baadaye makala yake ilitoka katika jarida la Rolling Stone. Ndani yake jina la makamu wa rais, Joe Biden, lilikuwa limegeuzwa kuwa tusi la mzaha. James Jones, mshauri wa usalama wa taifa, aliitwa kichekesho aliyeganda mwaka 1985. Richard Holbrooke, mjumbe maalumu wa Afghanistan na Pakistan, alifananishwa na mnyama aliyejeruhiwa. Kuhusu Barack Obama, msaidizi mmoja alisimulia kwamba mkutano wake wa kwanza wa ana kwa ana na jenerali ulikuwa wa dakika kumi za kupigwa picha tu, na bosi wao alitoka amevunjika moyo. McChrystal mwenyewe alilalamikia barua pepe za Holbrooke, akisema hataki hata kuzifungua.

Aliitwa kutoka Kabul. Tarehe 23 Juni alikaa na rais kama nusu saa hivi, akatoka akiwa hana tena jeshi la kuongoza. Obama alitangaza kwamba amekubali kujiuzulu kwake, kwa kuwa mwenendo ule ulidhoofisha mamlaka ya raia juu ya jeshi.

Ubishi ulianza siku hiyohiyo na haujaisha: je, kamanda afukuzwe kwa sababu ya maneno, tena akiwa katikati ya vita?

Waliomtetea McChrystal hawakuwa watu wa kupuuzwa. Rais Hamid Karzai wa Afghanistan alimtaka abaki, na kupata Mmarekani ambaye Karzai alimwamini haikuwa kazi rahisi. Juni ile ilikuwa mwezi uliokuwa umeua wanajeshi wengi zaidi wa muungano tangu vita ianze mwaka 2001. Zaidi ya 100 walikufa. Hapo ndipo kamanda anang'olewa? Isitoshe, maneno makali mengi yalitoka vinywani mwa wasaidizi, si kinywani mwake, na hakuna amri hata moja ya rais aliyoikataa. Mwaka uliofuata ofisi ya mkaguzi mkuu wa Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, ilichunguza na kusema haikupata ushahidi wa kutosha kwamba sheria au kanuni za jeshi zilivunjwa.

Huo ndio utetezi, na una uzito. Lakini naona unajibu swali ambalo halikuulizwa. Sheria ya kijeshi ya Marekani, katika kifungu cha 88, inasema ofisa anayetoa maneno ya dharau dhidi ya rais, makamu wake, Kongresi au waziri wa ulinzi anaweza kufikishwa mahakama ya kijeshi. Kifungu hicho kinawabana maofisa peke yao. Askari wa kawaida hatajwi. Hata hivyo rais hakuhitaji kosa la jinai. Cheo cha kijeshi kina ulinzi wake, ila ukamanda wa vita ni amana. Anayeutoa anaweza kuuchukua siku imani inapokwisha, na hapo hakuna hakimu wa kuombwa ruhusa.

Kinachonishawishi zaidi ni jambo ambalo halikujadiliwa sana. Julai 2009, mwezi mmoja tu baada ya kushika ukamanda, McChrystal alitoa maagizo ya kubana mashambulizi ya ndege na mizinga ili raia wa Afghanistan wasiendelee kuuawa. Yalikuwa maagizo mazuri. Lakini kwa kijana aliyejibanza nyuma ya ukuta wa udongo huku anapigwa risasi, yalimaanisha kwamba ndege aliyoiomba huenda isije. Vijana walinung'unika, wengine wakamwambia jenerali usoni kwamba amewafunga mikono, na bado walitii. Sasa kijana huyo anasoma kwamba ofisi ya jenerali, iliyomtaka ameze amri asiyoipenda, inafanya mzaha na wakubwa walioiweka pale. Nidhamu haina sakafu mbili, moja ya koplo na nyingine ya jenerali. Na tusimwoshe kamanda kwa kusema ni maneno ya wasaidizi tu. Kambi huongea lugha ya mwenye kambi. Vijana wale wasingethubutu kumtukana Biden mbele ya mwandishi kama wasingejua mkubwa wao atacheka.

Tena haikuwa mara ya kwanza. Septemba 2009 tathmini yake ya siri ya vita ilivuja kwenye magazeti wakati rais bado anatafakari. Tarehe 1 Oktoba, akiwa London, aliulizwa hadharani kama angeunga mkono mpango wenye wanajeshi wachache, mpango uliojulikana kuwa wa Biden. Akajibu kwamba hapana. Kesho yake Obama alimwita Copenhagen, wakazungumza ndani ya ndege ya rais. Desemba rais aliamua kupeleka askari 30,000 zaidi, karibu na kile jenerali alichokuwa anataka. Aliyeonywa akaendelea kuaminiwa, kisha akapewa askari, hawezi kusema hakusikilizwa.

Ukitaka kuona kwa nini Wamarekani wanaogopa sana jambo hili, rudi kwa Jenerali Douglas MacArthur, aliyeongoza vita ya Korea. Desemba 1950, vita ya Korea ikiwa imeharibika baada ya Wachina kuingia, Rais Harry Truman aliagiza kwamba kauli yoyote inayogusa sera ya nje ipitishwe kwanza Washington. Machi 1951 Truman alikuwa anaandaa pendekezo la mazungumzo. MacArthur akamtangulia: tarehe 24 alitoa tamko la kuwakejeli Wachina na kuwatishia kupanua vita, pendekezo la rais likafa kabla halijatolewa. Tarehe 5 Aprili, Joseph Martin, kiongozi wa chama cha Republican katika Baraza la Wawakilishi, alisoma bungeni barua ya jenerali huyo iliyounga mkono kuwatumia vitani wanajeshi wa Wachina walioko Taiwan, mahasimu wa serikali ya China na kusema hakuna kitu kinachoweza kushika nafasi ya ushindi. Tarehe 11 Truman akamfuta kazi, wakuu wa majeshi wakiwa wamekubaliana naye wote. Wananchi walimlaki MacArthur New York kama mfalme, na umaarufu wa Truman ukaporomoka. Hapo hakukuwa na utani wa baa. Hapo palikuwa na manahodha wawili, kila mmoja ana usukani wake, mmoja anatafuta suluhu na mwingine anatafuta vita na China. Kama Truman angenyamaza, swali la nani anaamua vita na amani lingejibiwa na mtu ambaye hakupigiwa kura na yeyote.

Hadi hapo mtu angedhani kanuni ni nyepesi: akisema, aondoke. Si nyepesi.

Januari 1863, Marekani ikiwa katika vita ya wenyewe kwa wenyewe kati ya kaskazini na kusini, Rais Abraham Lincoln alimpa Jenerali Joseph Hooker ukamanda wa jeshi kubwa la kaskazini, akamwandikia barua. Alimwambia amesikia, tena kwa namna ya kuaminika, kwamba Hooker amesema jeshi na serikali vinahitaji dikteta. Akaongeza kwamba majenerali wanaoshinda ndio peke yao wanaoweza kusimika madikteta: ninachokuomba sasa ni ushindi, na hatari ya udikteta nitaibeba mimi. Sijui rais mwingine aliyempa ukamanda mtu wa kauli kama hiyo huku akiijua. Lincoln alikuwa na taifa linalokatika vipande viwili, na alipima hasara ya matusi na hasara ya kushindwa. Hooker alishindwa vibaya katika mapigano ya Chancellorsville mwezi Mei, na Juni aliondoka, lakini hakuondoka kwa sababu ya mdomo wake. Kisa hiki hunizuia kusema kwamba kila dharau lazima ilipiwe kwa kazi. Rais asiyeyumba anaweza kuimeza, mradi iwe imesemwa pembeni na amri zake zinatekelezwa.

Halafu kuna wale waliosema kweli. Mwaka 1977 Meja Jenerali John Singlaub, mnadhimu mkuu wa majeshi ya Marekani Korea Kusini, aliliambia gazeti kwamba mpango wa Rais Jimmy Carter wa kuondoa huko askari wa ardhini ungeleta vita. Carter alimwondoa Korea. Miaka miwili baadaye Carter mwenyewe aliusimamisha mpango huo. Basi Singlaub alionewa? Nadhani hapana. Ofisa anayepeleka hoja yake gazetini kabla ya sera kubadilika anamnyima rais nafasi ya kubadili mawazo bila kuonekana ameshindwa na askari wake. Kuwa sahihi hakumpi mtu kipaza sauti cha umma akiwa bado amevaa sare. Anaweza kujiuzulu kesho asubuhi na kusema kila kitu mchana.

Ufaransa nako, Julai 2017, mkuu wa majeshi Pierre de Villiers aliwaambia wabunge wa kamati ya ulinzi, milango ikiwa imefungwa, kwa lugha chafu ya kambini, kwamba hatakubali kuchezewa kuhusu kupunguzwa kwa bajeti ya ulinzi kwa euro milioni 850. Maneno yakavuja. Rais Emmanuel Macron akamkumbusha mbele ya maofisa wenzake kwamba mkubwa ni yeye. Tarehe 19 de Villiers alijiuzulu. Hapa mimi nasimama na jenerali. Alikuwa mbele ya kamati inayopaswa kujua hali ya jeshi, na hakuzungumza na taifa. Aliyevujisha si yeye. Kumfedhehesha hadharani kwa jambo alilolisema faraghani kunawafundisha waliobaki kwamba hata chumba kilichofungwa si salama, na kamati za bunge zitaanza kulishwa majibu yaliyopikwa.

Hofu yangu kubwa iko hapo, kuliko kwa McChrystal. Obama aliyejiona ametendewa ndivyo sivyo alimweka mahali pake Jenerali David Petraeus, mtu aliyeamini mkakati uleule. Sera haikuguswa, na hilo linaonyesha kwamba mtu hakufukuzwa kwa maoni yake. Lakini kuna njia ya kumwadhibu jenerali bila kumfukuza, na hiyo haileti kelele. Tarehe 25 Februari 2003 mkuu wa jeshi la nchi kavu la Marekani, Jenerali Eric Shinseki, aliulizwa na Seneta Carl Levin katika kamati ya majeshi ya Seneti ni askari wangapi watahitajika Iraq baada ya vita. Hakwenda kwa mwandishi yeyote. Aliulizwa na aliyekuwa na haki ya kuuliza, akajibu: laki kadhaa. Siku mbili baadaye naibu waziri wa ulinzi, Paul Wolfowitz, alisema makadirio hayo yako mbali kabisa na ukweli. Shinseki alimaliza muda wake Juni mwaka huo na kustaafu, na Waziri wa Ulinzi Donald Rumsfeld hakuwapo kwenye sherehe ya kumuaga. Kila ofisa aliyekuwa anatazama alielewa.

Novemba 2006, Iraq ikiwa inaungua, Jenerali John Abizaid, kamanda wa majeshi ya Marekani Mashariki ya Kati, aliketi mbele ya kamati ileile, akawaambia maseneta kwamba Shinseki alikuwa sahihi.