Dakika tano za kujaribu haibridi
Hivi gari la haibridi, lenye injini ya mafuta na mota ya umeme, unalijaribuje kwa kuzunguka jengo mara moja? Muuzaji ameshaliwasha mapema, injini ya moto, betri imejaa, halafu anakaa pembeni akisifia: "Sikiliza, kimya kabisa!" Kimya lazima, tunatembea na umeme mtupu. Mimi nataka kusikia injini ikiamka baridi. Nataka mlima, nataka foleni, nione betri inashuka upesi kiasi gani na breki zinairudishia chaji au la. Nikaomba barabara kuu, akaguna, eti mafuta. Mafuta! Si ndilo hili ulilosema halili mafuta? Nikainama siti ya nyuma kukagua tundu la hewa ya kupoza betri: limezibwa na vumbi. "Hilo la kiyoyozi tu, bosi."