Wanaosoma Kimya Kwenye Magrupu ya Hobi: Tuwavute Waongee au Tuwaache?

Karibu kila grupu la hobi mtandaoni, liwe la kamera, la kufuma, la chesi, la kuangalia ndege au la samaki wa kwenye tenki, ipo siku admini anachoka anaandika lile tangazo. Mnalijua. "Tuko wengi humu ila wanaoongea ni walewale kumi, asiyechangia mpaka mwisho wa wiki tunamtoa." Basi nusu saa nzima ni "nipo", "nipo admini", "nafuatilia sana", dole gumba juu ya dole gumba, na yule aliyekuwa ameuliza kuhusu lenzi swali lake linapanda huko juu halionekani tena wala halijibiwi, alafu kesho yake kimya kinarudi kilekile.

Huyu admini ana hoja, tena nzito, na nitaifikia. Dawa yake ndo sikubaliani nayo.

Kwanza tuelewe kwamba hali hii sio ya grupu moja. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia tovuti, aliandika kuhusu kile kinachojulikana kama kanuni ya 90-9-1, yani kwenye watu mia, tisini wanasoma tu, tisa wanachangia mara mojamoja na mmoja ndo anabeba mzigo mkubwa. Ni makadirio tu, mana inategemea sana mnaongelea nini. Blair Nonnecke na Jenny Preece walihesabu watu walio kimya kwenye majadiliano ya barua pepe, na matokeo waliyoyatoa mwaka 2000 yalionyesha kwamba kwenye makundi ya afya walio kimya walikuwa kama 46 kwa mia, ila kwenye makundi ya msaada wa programu za kompyuta walifika 82 kwa mia. Ukikaa ukafikiria inaeleweka: anayeumwa anatafuta mwenzake wa kuongea nae, aliyekwama kwenye kompyuta anatafuta jibu tu na akilipata anaendelea na shughuli zake. Hobi iko katikati hapo. Leo mtu anataka kujua uzi gani unafaa kwa sweta ya mtoto, hilo ni jibu tu, kesho anataka kumuonyesha mtu sweta lenyewe likiwa limeisha, na hapo anataka watu. Kwahiyo ukisema "wako kimya" bado hujasema kitu, inabidi ujue walikuja kutafuta nini.

Upande wa kuwaacha una nguvu kuliko maadmini wengi wanavyodhani. Mwaka 2004 Nonnecke na Preece wakiwa na mwenzao Andrews walitoa matokeo ya kuwauliza wenyewe walio kimya kwanini hawaandiki, na zaidi ya nusu walisema hawakuona haja, yani walichokuwa wanakitafuta walikipata kwa kusoma. Wengine walisema bado wanalisoma grupu kwanza. Wengine, na hawa mimi nawaheshimu sana, walisema kunyamaza ndo msaada wao, mana kama jibu limeshatolewa na hawana cha kuongeza, kwanini wajaze nafasi? Hapo kuna adabu ya kweli. Fikiria grupu la watu mia tano ambapo kila mmoja anaona ni wajibu wake kusema "asante kwa elimu" chini ya kila posti, nani atalisoma hilo?

Na kuna sababu ambazo mtu hawezi kuzitangaza hadharani. Mwenye kamera ya bei kubwa hataki watu asiowajua wajue anayo. Mtu wa ndege anajua kiota kilipo na hataki umati uende, hata jukwaa la iNaturalist lenyewe linaficha mahali halisi pa viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Mwingine anasoma lugha ya grupu vizuri tu ila kuiandika anaogopa kuchekwa. Hawa ukiwaita kwa majina mbele ya watu umewafukuza.

Alafu historia. Usenet, mfumo wa majadiliano ulioanza 1980, kila Septemba ulikuwa unapata wanafunzi wapya wa vyuo ambao wiki za mwanzo walikuwa wanaongea hovyo mpaka wakazoea taratibu, na ushauri wa siku zile ulikuwa mmoja: soma kwanza, kaa kimya, ukishaielewa nyumba ndo uongee. Kati ya 1993 na 1994 kampuni za intaneti, AOL ikiwemo, zikafungulia wateja wao mlango na wageni hawakukatika tena, wenyeji wakawa wanasema ile Septemba haijaisha mpaka leo. Kwahiyo kunyamaza mwanzoni kuliwahi kuonekana ndo ustaarabu wenyewe, sisi ndo tumekuja kukugeuza kosa.

Sasa hoja ya admini. Wale kumi wanaoongea ni binadamu. Anaejibu kila siku swali la mwanga na kasi ya shata ya kamera bila kulipwa, ipo siku atapata kazi mpya au mtoto au atachoka tu, na akiondoka mtashangaa kumbe grupu lilikuwa ni yeye. Watu wanne wakiondoka kwa pamoja grupu limekufa hata kama namba ya wanachama bado inasoma maelfu. Alafu wakiongea walewale, ladha inakuwa ileile, mnaanza kuamini kuna njia moja tu ya kufanya kitu kwa sababu hamjawahi kumsikia anaefanya tofauti. Na yale majibu ya wasomaji kimya yana upande wa pili: walio kimya walionekana kujihisi sehemu ya kundi kidogo kuliko wanaoandika. Yani sio wote wako poa huko pembeni. Wapo wanaotaka kuingia na hawaoni mlango.

Na kinachopotea hakijulikani mpaka mtu aongee. Mwaka 2007 mradi wa Galaxy Zoo uliwaomba watu wa kawaida wasaidie kupanga picha za galaksi kwa maumbo. Mwalimu mmoja wa Uholanzi, Hanny van Arkel, akaona doa la ajabu karibu na galaksi ya IC 2497 akauliza hiki ni nini. Ndo hivo tu, swali la mtu asiye mtaalamu wa nyota. Ikaonekana ni wingu kubwa la gesi lililoangazwa na kiini cha galaksi hiyo ambacho sasa kimefifia sana, likaja kupigwa picha na darubini ya angani ya Hubble na linabeba jina la Hanny mpaka leo. Angeweza kabisa kujisemea wataalamu watakuwa wameshaliona, akapita. Wangapi wamepita hivohivo?

Kwahiyo nani ana haki? Mimi naona pande zote mbili zinabishana juu ya kitu kisicho chenyewe, zinaangalia mtu aliyenyamaza wakati jambo liko kwa yule aliyethubutu kuongea mara ya kwanza na nini kilimpata. Mana wale mamia wanaosoma wanaliona lote, na wanajifunza.

Chukua mfano wa grupu la samaki. Mtu anaandika, na unaona kabisa ameifuta sentensi na kuiandika tena: "samahani mimi mgeni, tenki langu maji yamekuwa meupe kama maziwa na samaki wawili wamekufa, nimekosea wapi?" Picha ameipiga usiku, ina mng'ao wa taa kwenye kioo. Jibu la kwanza: "hili limeulizwa mara mia, tafuta huko juu." La pili: "watu mnaua viumbe bure, si msome kwanza." La tatu ni emoji ya kucheka. Hakuna aliyedanganya hapo, kweli limeulizwa, kweli angesoma kwanza. Ila angekuja mmoja akauliza "tenki ulilijaza lini, na amonia umepima?" mambo yangekuwa mengine kabisa, mana karibu kila mara tenki ni jipya, bakteria wanaobadilisha amonia ya kinyesi cha samaki kuwa naitriti na mwisho naitreti hawajajijenga bado, inawachukua wiki kadhaa, na dawa ya haraka ni kupunguza chakula na kubadilisha sehemu ya maji, sio yote. Jibu la mistari mitatu. Samaki waliobaki wana nafasi ya kupona, aliyeuliza anarudi baada ya wiki kuleta majibu ya kipimo, na wengine ishirini waliokuwa na maji meupe majumbani wakiogopa kuuliza wamepata walichohitaji bila kufungua mdomo. Kuuliza si ujinga tunasema wote, ila kwenye magrupu mengi anaeuliza anafanywa mjinga mbele ya watu, alafu tunashangaa wengine kimya.

Hili sio hisia zangu tu. Wikipedia ya Kiingereza ilikuwa inaongeza wahariri mpaka 2007 alafu wahariri wakaanza kupungua, na utafiti wa Aaron Halfaker na wenzake wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba wageni wenye nia njema walikuwa wanafutiwa kazi zao zaidi kuliko zamani, mara nyingi na zana za kompyuta zilizotengenezwa kupambana na waharibifu, na waliofutiwa hivo wengi hawakurudi. Mwaka 2012 pakaanzishwa pale pale sehemu ya wageni kuuliza maswali na kujibiwa kwa upole, Teahouse, na vipimo vya baadae vilionyesha kwamba walioalikwa huko walibaki zaidi ya wasioalikwa. Tofauti haikuwa kubwa sana, tuseme ukweli, upole peke yake hautengenezi wahariri. Ila ilikuwepo.

Najua wale kumi wataniambia "wewe hujui kuchosha kwake kujibu swali moja mwaka mzima." Wana haki. Kumtaka mtu mwenye uzoefu wa miaka kumi awe mkarimu kila asubuhi kwa swali lilelile ni kumuonea. Ndo mana sidhani majibu ya wageni yawe kazi ya mabingwa. Wampe aliyeanza mwaka jana. Huyu bado anakumbuka kitu gani kilimchanganya, hajasahau maneno magumu yalivyomtisha, na kujibu kutampa yeye mwenyewe sababu ya kufungua mdomo. Akikosea bingwa anasahihisha sentensi moja.

Hapa Jean Lave na Etienne Wenger wananisaidia sana, waliandika mwaka 1991 kuhusu watu wanavyojifunza wakiwa pembeni ya kazi. Mfano wao mmoja ni mafundi cherehani wa Liberia: mwanafunzi haanzi kukata kitambaa, anaanza mwishoni, anashona vifungo, anapiga pindo, anapiga pasi nguo iliyokwisha, baadae ndo anashona vipande na kukata kunakuja mwisho kabisa kwa sababu kosa la mkasi halirudi nyuma. Wanaosema "waache pembeni" wanapenda kumtumia Lave na Wenger, kwamba pembeni ni pahala halali. Ni kweli. Ila yule mwanafunzi pembeni hakukaa bure, alikuwa na kazi ndogo ya kweli, nguo ya mteja wa kweli mkononi. Magrupu yetu yana mwisho mmoja tu wa kuingilia, ule wa mkasi: andika posti watu wote wakuone. Kati ya kusoma na kuandika posti hakuna kitu.

Weka basi kazi za vifungo. Kura ya kuchagua kati ya picha mbili bila kueleza sababu. Kumtambua ndege kwenye picha ya mtu mwingine, hata kwa jina la familia tu. Kuripoti kwamba linki ya zamani haifunguki. Uzi mmoja wa wiki wa kazi ambazo hazijaisha, ambapo hakuna kupewa maksi. Na admini aweke na yake iliyoharibika hapo, mana grupu linaloonyesha kazi safi tu linamwambia mgeni bila maneno kwamba hajafika. Ujumbe binafsi pia unafanya kazi kuliko tangazo, "niliona ulilaiki ile picha ya macro, ya kitu kidogo kwa karibu, na wewe unapiga?" Akijibu sawa, asipojibu usirudie.

Kwa grupu kubwa mimi niko na wanaosema waacheni, mradi mlango uwe umefunguliwa kweli. Ila duara la watu kumi au kumi na mbili ambao wanapeana kazi zao mbichi wazikosoe, hapo nabadilika kabisa. Mtu anaweka picha ambayo hajaridhika nayo, anasikia maoni makali ya wanne, na wengine wawili wanaangalia tu miezi na miezi bila kuonyesha yao hata moja, hiyo sio sawa, ni kuwaacha wenzako uchi wewe umevaa. Kwenye duara kama hilo kila mtu adaiwe, na masharti yasemwe mtu anapoingia, sio miezi sita baadae kwa hasira. Anaetaka kusoma tu aelekezwe lile grupu kubwa, akasome huko kwa amani zake.