Mkavu Isipokuwa Mahali Pamoja

Mwendesha pikipiki aliyelowa chapachapa hana aibu. Akiingia mlangoni anachuruzika, watu humpa pole na kumtafutia taulo. Balaa ni la yule aliyelowa mahali pamoja tu, na mahali penyewe mtapajua sasa hivi.

Nilikuwa nimeitwa kwenye usaili. Nilivaa suruali ya pamba, ya kijivu hafifu, iliyopigwa pasi ikasimama. Mbingu ilikuwa imenuna tangu alfajiri, lakini mimi sikuwa na hofu: nilikuwa na suti mpya ya mvua, ile ya kipande kimoja unayoiingia miguu kwanza kisha unavuta zipu hadi kidevuni. Tena nilikuwa nimeijaribu. Niliivaa juu ya nguo zangu, nikasimama bafuni chini ya bomba la mvua, nikafungulia maji yote. Mke wangu alichungulia, akanitazama, akafunga mlango bila kuuliza neno. Ndoa yetu imekomaa. Nilipotoka nilikuwa mkavu mpaka soksi.

Kumbuka tu kwamba jaribio hilo nililifanya nikiwa nimesimama wima.

Mvua ilinikuta katikati ya safari. Dakika za mwanzo ndizo mbaya, kwa sababu maji huinua mafuta na vumbi vilivyoganda kwenye lami, barabara ikateleza kabla haijaoshwa. Nikapunguza mwendo, nikaikwepa mistari ya rangi na vifuniko vya chuma. Ila kwenda polepole maana yake ni kukaa mvuani zaidi, na hata kwa kilomita 50 kwa saa mvua hainyeshi tena kutoka juu, inakujia usoni. Tairi la mbele nalo linakunyeshea kutoka chini. Nikifunga kioo cha helmeti, pumzi inageuka ukungu na sioni. Nikikifungua, nameza maji. Nikakiacha wazi upana wa kidole, nikawa sioni na huku nameza maji.

Kuhusu mikono, waendesha pikipiki hubishana mpaka kukosana. Ukivaa glavu ndani ya mkono wa koti, upepo unasukuma maji yapande hadi kwenye kiwiko. Ukiivaa juu ya mkono wa koti, yanayoteremka kutoka begani yanajaa ndani ya glavu, vidole vinaogelea. Mimi nilikuwa nimefunika vyote kwa mifuko ya plastiki, nikaikaza kwa mpira. Honi nilikuwa naipapasa tu, lakini maji hayakuingia. Shingo kavu, kifua kikavu, miguu mikavu. Nikaanza kuimba ndani ya helmeti.

Katikati ya ubeti nikahisi ubaridi. Pale.

Mfikirie mtu aliyekaa kwenye pikipiki. Kila tone linalompiga kifuani linateremka. Kila tone linalopiga tangi linateremka pia, maana nyuma tangi limeinama kumwelekea yeye. Yote yanakutana kwenye bonde moja, kati ya mapaja, na kwa kuwa kuna siti chini, hayana pa kwenda. Nilikuwa nimepakata bwawa. Mapaja yakipanuka yanavuta mshono wa suti, upepo unayakandamiza maji juu yake, na mshono ni safu ya matundu ya sindano. Tatizo hili lina umri. Mkemia wa Uskoti, Charles Macintosh, alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1823 ya kitambaa chenye mpira katikati, kisichopitisha maji. Mafundi cherehani wakakichukua wakashona makoti, wakakitoboa kwa sindano, makoti yakavuja. Siku hizi mishono huzibwa kwa utepe kwa ndani. Wa suti yangu ulikuwa umebanduka mahali pamoja, na hamhitaji kuambiwa wapi.

Tone moja likapita. Pamba ikalipokea, ikalitembeza huku na huku, kisha ikaita jingine.

Wahenga walisema ukiyavulia nguo maji sharti uyaoge. Kuhusu anayeyavalia nguo hawakusema kitu.

Halafu, kilomita chache kabla ya kufika, mvua ikakatika ghafla. Nyuma yangu vidimbwi, mbele yangu vumbi. Nikaingia getini jua linawaka, mimi nimefungwa zipu hadi kidevuni na mifuko ya plastiki mikononi. Mlinzi, mzee wa makamo ya baba yangu, alinitazama nikivua ile suti. Macho yake yalianzia juu, yakafika katikati, yakakaa hapo.

"Pole, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini. "Choo kiko kulia, ila naona umeshachelewa."

"Shikamoo, mzee. Ni mvua."

Akatazama mbingu. Akatazama ardhi. "Marahaba. Ya wapi?"

Chooni nilijitazama kwenye kioo. Kijivu hafifu kikilowa huwa cheusi kabisa, na doa lilikuwa na mipaka iliyo wazi kama ya ramani. Nililifuta kwa karatasi. Likapata ukungu wa vipande vyeupe juu yake. Hapo ikanijia akili ya mtu aliyebakiwa na dakika tano: kama ubaya wa doa ni kuwa peke yake, dawa ni kulitafutia wenzake. Nikafungua bomba. Mimi niliyejifunga mifuko ili nisiguswe na tone, nikajimwagia maji kichwani, mabegani, magotini, mgongoni nisipoona. Nikatoka nimelowa sawasawa, nina heshima zangu.

Wasaili walikuwa watatu. Mwenyekiti, mama mmoja mtaratibu, alinitazama nikichuruzika kwenye zulia lake. "Karibu. Umepatwa na nini?"

"Mvua, mama."

Wote watatu wakageukia dirisha. Jua lilikuwa limepiga mpaka mezani. Mmoja wao akaonyesha kwa kalamu kitu nilichokuwa nimekikunja kwapani. "Na hiyo je?"

"Suti ya mvua."

Akaandika kitu, akakipigia mstari. Wakaniuliza jinsi ninavyojipanga mapema kukabili matatizo, nikawajibu kwa kirefu, huku kiatu cha kushoto kikitoa sauti kila nilipotikisa mguu.

Tulikuwa tukielekea mwisho paa lilipoanza kuvuma. Lilianza na rasharasha, kisha likapokea mvua yote kwa mkupuo mpaka tukashindwa kusikilizana. Nikaitambua. Ilikuwa ni ileile yangu, imekuja taratibu nyuma yangu. Yule mwenye kalamu alitazama dirishani, akanitazama mimi, akafuta alichoandika.

Mwenyekiti akakusanya makaratasi yake, akachungulia nje kwa huzuni. Gari lake lilikuwa ng'ambo ya uwanja.

"Samahani, mwanangu. Hiyo suti yako inafanya kazi kweli? Naomba uniazime nifike kwenye gari."

"Inafanya kazi vizuri sana, mama," nikasema nikimkabidhi. "Ila ukishaivaa, usikae."