Mzee wa spea hakuitaka React yangu

Mi ni developa wa kujitegemea hapa Dar, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nabishana na wateja kuhusu vitu ambavyo hata haviwahusu. Mwaka jana nikapata kazi ya mzee mmoja Kariakoo anauza spea za pikipiki, anataka mfumo wa stoo, basi nikajipanga: React mbele, ya kujengea kurasa anazoziona mtumiaji, PostgreSQL nyuma, databezi ya kutunza data, kila kitu klaudi, yaani kwenye seva za mtandaoni. Namaliza kueleza, mzee ananitazama tu, akaniuliza, "Sasa kijana wangu, umeme ukikatika nauza vipi? Na bando likiisha je?"

Sikuwa na jibu aisee.

Nikamtengenezea kwa PHP, lugha ya kuandikia programu ya tangu 1995 ambayo madevelopa wengi mjini wanaicheka, data ikakaa kwenye SQLite ndani ya laptopu yake ya dukani. Uzuri wa SQLite databezi nzima ni faili moja, jioni kijana wa kaunta anafunga programu, anachomeka flashi, anakopi, bakapu hiyo. Daftari lake sikuligusa, umeme ukikata wanaandika humo, ukirudi wanaingiza. Roho iliniuma kidogo, sikatai, ila shida ya yule mzee ilikuwa breki zinaisha stoo bila yeye kujua, na React ingemsaidia nini hapo? Kitu ambacho kitasifiwa na developa mwenzangu tu, siku hizi naachia.

Ila kuna sehemu nilikaza. Alitaka vijana wote watumie paswedi moja, eti wanaacha kazi kila mara, nikasema hapana mzee wangu, kila mtu na pini yake, hata tarakimu 4 zinatosha. Halafu akataka kitufe cha kufuta mauzo yaliyokosewa. Nikamwambia mauzo hayafutwi, unaingiza marejesho, ya kwanza yanabaki yanaonekana. Akanuna siku 2, akanisema nabishana na mwenye hela. Sikujali, maana kitufe hicho ndo mlango wa wizi, na hela zikipungua atakayepigiwa simu ni mimi.

Wiki iliyopita kaniita tena, anafungua duka la pili Mbagala, anataka aone stoo zote kwa simu. Hapo faili moja kwenye laptopu halitoshi, kwa hiyo PostgreSQL imepata kazi. Na bei nimepandisha, ile ya kwanza nilijipunja.