Ukweli Kuhusu Ile Video ya Grisi

Najua mmeshaiona ile video ya mimi, grisi na katapila kuukuu ninalolifufua. Na ambao hamjaiona mmesikia ile sauti jamaa yangu aliyotuma kwenye kundi, inayoanza na "Jamani, leo fundi kala grisi." Sikula. Iliingia yenyewe, na nyingi niliitema. Naomba nieleze mapema kabla jina halijanata, maana leo asubuhi mtu mzima na akili zake kanisalimia, "Habari za kuamka, Nipeli?" Nipeli ni kale kachuchu ka chuma ka kupitishia grisi.

Katapila lenyewe ni D2, yale madogo ya Caterpillar yaliyotengenezwa kuanzia 1938 hadi 1957. Kwa msiomjua mzee huyu: injini yake kubwa ni ya dizeli, silinda nne, na haiwashwi kwa ufunguo. Pembeni yake kuna kainjini ka petroli, silinda mbili, kazi yake ni kuiamsha ile kubwa. Unawasha kadogo, kanaizungusha kubwa hadi ipate joto, ndipo unaifungulia dizeli. Kadogo kakigoma, umebaki na zaidi ya tani tatu za chuma.

Kangu kalikuwa kamenoki, yaani kameganda, hakazunguki. Bomba la ekzosi lilikaa miaka na miaka bila hata kopo la kulifunika, mvua ikashuka humo, ikapita kwenye valvu, yaani kale kamlango ka kutolea moshi, iliyobaki wazi, ikatua juu ya pistoni. Ringi za pistoni zikashikana na ukuta wa silinda kwa kutu. Hiyo valvu iliyobaki wazi muiweke akilini. Mimi sikuiweka.

Nilianza kistaarabu. Oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu, unatikisa kwanza kwa sababu zikitulia tu zinaachana, unamimina kwenye tundu la plagi unaacha kutu inywe. Ikanywa wee, ikashiba, haikuachia. Nikatia soketi kwenye nati ya flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, nikairefusha kwa bomba la chuma, nikaning'inia. Wapi.

Basi, grisi. Hii si akili yangu, mafundi wa injini kongwe wanaifanya tangu zamani. Unachukua plagi mbovu, unavunja kaure lake, unachomelea nipeli juu, unaifunga mahali pake, kisha unasukuma kwa pampu ya grisi ya mkono. Ile pampu muidharau hivyo hivyo, lakini inatoa shinikizo la maelfu ya paundi kwa inchi ya mraba, wakati tairi la gari dogo linatosheka na kama 30. Na ni salama kuliko upepo wa kompresa, kwa sababu upepo ukibanwa unajikusanya kama springi, pistoni ikiachia inaruka. Grisi haibaniki. Pistoni ikisogea kidogo tu, nguvu yote imekwisha. Hotuba hii nilimpa jamaa mbele ya simu yake, kidole juu. Ndiyo ile sehemu aliyoikata.

Nikapiga pampu. Mwanzoni nzito, kisha ghafla mkono ukawa mwepesi, na grisi inaenda tu. Nikapaza sauti: "Inashuka! Pistoni inashuka!" Nikabadilisha mkebe, nikaendelea. Mshipa wa shingo umenitoka, najiona profesa. Jamaa, aliyekuwa upande wa pili anarekodi, akauliza kwa upole wote wa dunia:

"Kaka, hii inayochungulia huku kwenye tundu la ekzosi ni kitu gani?"

Mlioelewa, msiwaharibie wenzenu.

Nikazunguka. Bomba la ekzosi nilikuwa nimeshalifungua, kwa hiyo tundu liko uchi. Nikapiga magoti, nikabana tochi ndogo kwa meno, mikono yote miwili nikashika bloki, nikasogeza uso. Ndani kweli grisi, imejaa pomoni. Nikataka kusema "valvu." Kutamka "va" na tochi mdomoni kunahitaji ufungue kinywa zaidi kidogo.

Wakati huohuo jamaa akatafuta pembe nzuri ya kunipiga picha. Akarudi nyuma hatua moja. Akaegemea. Alichoegemea ni lile bomba langu la chuma, ambalo bado lilikuwa kwenye nati ya flaiwili.

Nilisikia kwanza: *kwaa!* Mlio mkavu, wa kutu inayokata tamaa. Nikafurahi, wallahi, kwa muda ule mfupi nilifurahi, maana mlio huo nilikuwa nauota usiku. Kisha nikaiona inakuja. Haikuruka, msidanganywe na video, ameiongeza kasi. Ilitoka taratibu, nene, duara kamili la tundu, mbele ya rangi ya kutu, nyuma yake ya njano mpya. Nina uhakika nilikuwa na nafasi ya kukimbia. Ila mtu akipiga magoti, tochi mdomoni, anashangaa pistoni yake imeamka, miguu haipokei simu. Ikagusa tochi, mwanga ukafa. Ikagusa pua. Kisha jamaa, kwa kushtuka kwamba bomba limesogea, akaliegemea tena.

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Grisi inazoleka, nimeizoa masikioni hadi saa nne usiku.

Yaliyofuata si ya kusimuliwa sana. Mafuta ya taa, sabuni, mafuta ya taa tena, nyumbani nikapewa mto wangu peke yangu. Valvu imetolewa, ilikuwa imeganda kwenye mrija wake inamopita ikiwa wazi, imesafishwa, sasa inapanda na kushuka. Pistoni zote mbili zinatembea. Jamaa anatangaza kwamba ameiokoa kwa "kuegemea kitaalamu" na watu wanampongeza. Mimi ambaye niliilowesha muda wote ule, na nikalainishwa nayo, sina hata pole moja.

Ile injini kubwa bado hatujaigusa. Nayo imenoki. Jamaa kanitumia ujumbe kuuliza tunaanza lini, simu ameshaichaji.